Takwimu za ushambuliaji katika futiboli ya Kimarekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji anayekesha Jumapili kutazama NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, anayeujua mchezo kiasi cha kufuata nani ana mpira, lakini jedwali la takwimu likitolewa baada ya mechi anabaki na namba tupu. Mechi inayoanza saa 7 mchana New York kwetu Afrika Mashariki ni saa 2 usiku, na Wamarekani wakisharudisha saa zao nyuma mwezi Novemba inakuwa saa 3. Anayekata usingizi wake hivyo anastahili kuelewa alichokiona.

Maneno machache kwanza. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine 4. Nikisema mchezo mmoja, si mechi nzima: ni tukio moja, tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama. Tachidauni ni kuufikisha mpira hadi eneo la mwisho la mpinzani. Tangu timu inaposhika mpira hadi inapouachia, naita zamu. Kubutua ni kuupiga mpira mbali kwa mguu jaribio la nne linapofika na hali ni mbaya. Kwotabeki ni yule anayepokea mpira na kuamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao.

Timu iliyopata yadi nyingi si ndiyo iliyoshambulia vizuri?

Si lazima, na mechi inayonifanya niseme hivyo ni ya tarehe 11 Januari 2020, Baltimore. Ravens walikuwa wamemaliza msimu na ushindi 14 na vipigo 2. Walifunga pointi 531, nyingi kuliko timu yoyote msimu ule, na walikimbia na mpira yadi 3,296, rekodi ya NFL kwa msimu mmoja. Wakawakaribisha Tennessee Titans katika hatua ya mtoano.

Usiku ule Ravens walipata yadi 530. Titans walipata 300, na kwotabeki wao Ryan Tannehill alirusha yadi 88 tu. Titans walishinda 28 kwa 12.

Tazama yadi za Ravens zilikokatikia. Mapema kabisa pasi ya Lamar Jackson, kwotabeki wa Ravens, ilimgonga mwenzake mikononi ikaruka juu, Kevin Byard wa Titans akainasa, na Titans wakafunga. Baadaye Ravens wakawa na jaribio la nne wakihitaji yadi moja. Wakazuiwa, na mchezo uliofuata tu Tannehill akarusha pasi ya yadi 45 ya tachidauni. Kipindi cha pili kikaanza, jaribio la nne tena, yadi moja tena, wakazuiwa tena. Derrick Henry wa Titans akachomoka yadi 66. Kisha Jackson akabanwa kabla hajarusha, mpira ukamtoka. Kwa jumla walishindwa majaribio ya nne yote 4 waliyothubutu, wakanaswa pasi 2 na kupoteza mpira 1. Mara 7 walimwachia mpinzani mpira bila pointi yoyote, na bila hata kumsukuma mbali kwa kubutua.

Jumla ya yadi haioni lolote kati ya hayo. Kwake, yadi 9 zilizopatikana pale zilipohitajika 10 ni nyingi kuliko yadi 1 iliyopatikana pale ilipohitajika 1.

Mbona NFL yenyewe imezoea kupanga timu kwa yadi?

Kwa sababu yadi ni rahisi kuhesabu na zimeandikwa tangu zamani. Ukikutana na maneno "timu ya kwanza kwa ushambuliaji", angalia kwanza kama wanazungumzia yadi kwa mechi au pointi. Mara nyingi ni yadi.

Basi tuhesabu pointi. Pointi hazidanganyi.

Pointi zinakaribia ukweli zaidi, ila si zote zimefungwa na washambuliaji. Tarehe 16 Oktoba 2006 Chicago Bears walicheza Arizona dhidi ya Cardinals. Mapumziko walikuwa nyuma 20 kwa 0. Kwotabeki wao, Rex Grossman, alifikisha pasi 14 kati ya 37 na akanaswa mara 4. Bears walishinda 24 kwa 23.

Walizipata wapi? Mike Brown, beki, aliokota mpira uliomponyoka kwotabeki wa Cardinals akaupeleka hadi mwisho. Charles Tillman, beki mwingine, akafanya vivyo hivyo kwa yadi 40. Halafu Devin Hester akapokea mpira uliobutuliwa, akakimbia yadi 83. Washambuliaji wa Bears hawakufunga tachidauni hata moja. Mchango wao ulikuwa mkwaju mmoja wa pointi 3, yaani mpira unaopigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti. Lakini jedwali la ligi limeandika "Bears, pointi 24", na zile 24 zinaingia kwenye wastani ambao watu wataunukuu mwishoni mwa msimu kama ubora wa ushambuliaji.

Kwa hiyo, ukitaka kutumia pointi, ondoa kwanza zilizofungwa na walinzi na zilizotokana na kurudisha mipira iliyopigwa. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mechi, na mpangilio wa timu unaweza kubadilika.

Zamu zinaingiaje kwenye hesabu?

Zamu ndizo kipimo ninachokitegemea kuliko vyote vinavyohitaji kalamu na karatasi tu. Chukua timu mbili zilizofunga pointi 24 kila moja. Ya kwanza ilipata zamu 8, ya pili 13. Ya kwanza imefunga pointi 3 kwa kila zamu, ya pili haijafika 2. Katika misimu ya karibuni wastani wa ligi umekuwa karibu pointi 2 kwa zamu, kwa hiyo ya kwanza ni ushambuliaji wa hali ya juu na ya pili ni wa kawaida au chini yake. Ubao wa matokeo unazionyesha sawa.

Idadi ya zamu hutegemea mambo ambayo washambuliaji hawayatawali peke yao: kasi ya mpinzani, walinzi wa timu yenyewe, saa inavyokwenda. Timu nyingi hupata zamu 10 hadi 12 kwa mechi.

La pili ni mahali zamu ilipoanzia. Timu ambayo walinzi wake wananasa pasi karibu na lango la mpinzani inapewa mteremko. Inayoanzia yadi 8 kutoka kwenye lango lake inapanda mlima. Ukiona timu ina pointi nyingi kwa zamu, tafuta wastani wa mahali ilipoanzia kabla ya kuisifu.

Nimesikia kuhusu EPA. Ni nini hasa?

Ni pointi tarajiwa zilizoongezwa, kwa Kiingereza expected points added. Kama unafuatilia soka na umezoea mabao tarajiwa, wazo ni la ukoo mmoja, ila hapa linapimwa kwa kila mchezo mmoja mmoja, si kwa shuti peke yake.

Msingi wake ni swali hili: timu iliyo katika hali fulani, yaani jaribio fulani, yadi fulani zinazohitajika, mahali fulani uwanjani, kwa kawaida inaishia na faida ya pointi ngapi? Wa kwanza kulijibu kwa hesabu zilizochapishwa walikuwa Virgil Carter na Robert Machol, mwaka 1971. Carter alikuwa kwotabeki wa Cincinnati Bengals wakati huohuo, jambo ambalo bado linanifurahisha: mtu anarusha mpira Jumapili, kisha anakaa na kompyuta kujua kila yadi ina thamani gani.

Jibu, kwa makadirio ya siku hizi, ni takribani hivi. Jaribio la kwanza ukiwa kwenye yadi 25 yako, yaani yadi 25 kutoka lango lako, lina thamani ya pointi 1. Katikati ya uwanja ni zaidi ya 2. Ukiwa umebakiza yadi 20 ni karibu 4, na ukiwa mlangoni kabisa ni karibu 6. Ukibanwa kwenye yadi yako ya kwanza thamani inashuka chini ya sifuri, maana mpinzani ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kufunga kabla yako.

EPA ya mchezo ni thamani ya baada kutoa thamani ya kabla. Mkimbiaji anapata yadi 3 katika jaribio la kwanza na yadi 10: timu imesogea, lakini sasa imebakiza yadi 7 na jaribio moja limekwenda, kwa hiyo thamani imepungua kidogo. Mkimbiaji huyohuyo anapata yadi 3 katika jaribio la tatu zikihitajika 2: timu imeokoa zamu nzima, na thamani imepanda kwa zaidi ya pointi 1. Jedwali la kawaida limeandika 3 na 3.

Upande wa hasara ndio unaofundisha zaidi. Pasi ikinaswa katikati ya uwanja na mnasaji akaangushwa palepale, ulikuwa na zaidi ya pointi 2 na mpinzani sasa ana zaidi ya pointi 2. Umepoteza zaidi ya 4 kwa mrusho mmoja, sawa na kutupa mkwaju wa pointi 3 na ziada. Ndiyo maana makosa ya Ravens usiku ule yalizimeza yadi 530.

Na kiwango cha mafanikio?

Hapa unauliza swali la ndiyo au hapana: mchezo huu umeiweka timu mahali pazuri? Kanuni inayotumika sana ni kwamba jaribio la kwanza limefaulu likileta asilimia 40 ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 60, la tatu na la nne zote. Wengine hurahisisha: mchezo wenye EPA zaidi ya sifuri umefaulu.

Kitumie pamoja na EPA, kwa sababu vinaona vitu viwili tofauti. Timu yenye EPA kubwa na mafanikio machache inaishi kwa pasi ndefu mbili tatu kwa mechi. Yenye mafanikio mengi na EPA ya kawaida inasogea vizuri lakini haina mtu wa kuvunja ngome kwa mkupuo. Mimi nikiombwa kuchagua timu ya kuamini mwezi ujao, nachagua ile inayofaulu mara nyingi, kwa kuwa pasi ndefu huja na kuondoka.

Alama ya mrushaji inayofika 158.3 ina maana yoyote?

Inayo, ila ijue mipaka yake. NFL iliipokea mwaka 1973. Inachanganya vitu vinne: asilimia ya pasi zilizofika, yadi kwa kila pasi, tachidauni kwa kila pasi na zilizonaswa kwa kila pasi. Kila kimoja kinapewa kati ya 0 na 2.375, vinajumlishwa, vinagawanywa kwa 6 na kuzidishwa kwa 100. Ndiyo asili ya kile kikomo cha ajabu cha 158.3.

Kwotabeki anayerusha kila mpira ardhini, usidakwe na mwenzake wala na mpinzani, anapata 39.6. Grossman kule Arizona alipata karibu 10. Alama hii haioni kukimbia kwa kwotabeki, haioni mpira unaomponyoka, wala haihesabu mara anazoangushwa kabla ya kurusha. Anayeng'ang'ania mpira hadi anaangushwa yadi 9 nyuma analinda alama yake na kuiumiza timu.

Dawa rahisi ipo. Chukua yadi za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, toa yadi alizopoteza kwa kuangushwa, kisha gawa kwa pasi alizorusha jumlisha mara alizoangushwa. Kwa mfano: pasi 35, yadi 260, tachidauni 2, kunaswa 1, kuangushwa mara 3 kwa yadi 20. Ni 260 + 40 - 45 - 20, yaani 235, gawa kwa 38, unapata 6.2. Kwa hesabu ya kalamu tu, sijapata inayoizidi.

Kwotabeki wetu amerusha karibu yadi 5,000. Mbona timu inapoteza?

Matthew Stafford, Detroit Lions, msimu wa 2012: yadi 4,967. Lions walishinda mechi 4 na kupoteza 12. Alizipata kwa pasi 727, idadi ambayo wakati huo hakuna aliyewahi kuifikia. Gawa: ni yadi 6.8 kwa pasi. Alikuwa na tachidauni 20 na pasi 17 zilizonaswa.

Linganisha na Peyton Manning wa Denver msimu uliofuata: yadi 5,477, rekodi, kwa pasi 659. Hizo ni yadi 8.3 kwa pasi, na tachidauni 55 dhidi ya 10 zilizonaswa. Ukitazama jumla, tofauti yao ni kama yadi 500. Ukigawa, ni watu wa ngazi mbili tofauti. Timu iliyo nyuma hurusha sana kwa sababu haina njia nyingine, na mpinzani anayeongoza huwaachia pasi fupi ilimradi saa inakwenda.

Ni kweli kwamba timu inayokimbia na mpira mara 30 karibu kila mara hushinda?

Ni kweli kwenye karatasi, na tafsiri yake imepinduliwa. Timu ikishaongoza kwa pointi 14 robo ya nne, inakimbia ili saa isisimame. Uongozi ndio ulioleta kukimbia. Ukitaka kujua kukimbia kunasaidia kiasi gani, angalia robo tatu za kwanza, na mechi ambazo tofauti bado ni ndogo. Hapo mara nyingi utakuta pasi ndiyo inayoongeza pointi tarajiwa zaidi. Ravens wa 2019 walikuwa kundi la pekee: yadi 5.5 kwa kila mkimbio, kwa sababu walinzi wa mpinzani walilazimika kumchunga Jackson pia.

Jaribio la tatu, yadi 20 za mwisho, muda wa kushika mpira: nivifuate?

Jaribio la tatu, ndiyo, lakini soma limebakiza yadi ngapi. Timu inayofaulu asilimia 45 kwa sababu kila mara inahitaji yadi 3 imefanya kazi yake kwenye majaribio mawili ya kwanza.

Yadi 20 za mwisho kabla ya lango la mpinzani zina uzito mkubwa kwa matokeo, ila fursa ni chache, na timu iliyong'ara huko mwaka huu mara nyingi hurudi kwenye wastani mwaka unaofuata. Muda wa kushika mpira usikusumbue. Timu inayofunga kwa dakika 2 haijakosea.

Kocha akithubutu jaribio la nne, nimhesabuje?

Kwa uamuzi wake wakati anauchukua, kisha matokeo kando. Mwaka 2006 mchumi David Romer wa chuo kikuu cha Berkeley alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba makocha walikuwa wanabutua na kupiga mikwaju mara nyingi kuliko hesabu inavyoruhusu. Tangu hapo ligi imebadilika sana, na jaribio la nne na yadi 1 katikati ya uwanja siku hizi timu nyingi hulijaribu. Ravens kushindwa mara mbili zikihitajika yadi moja moja hakuthibitishi kuwa walikosea kujaribu. Nakumbuka kulibishania hilo na binamu yangu hadi alfajiri, na bado sijabadili msimamo.

Wale watano wa safu ya mbele wanapimwaje?

Hawa, wazuiaji wanaomkinga kwotabeki, ndio wanaoonewa zaidi na takwimu: hawarushi, hawadaki, majina yao hutajwa wakikosea. Idadi ya mara kwotabeki anaangushwa si yao peke yao, maana kwotabeki anayechelewa kuamua anaangushwa hata ukuta ukisimama imara. Siku hizi wachezaji wa NFL wana chipu kwenye vilinda mabega zinazorekodi kila hatua, kwa hiyo inawezekana kupima kama mzuiaji alimshikilia mtu wake angalau sekunde 2.5. Kama huna data hiyo, tazama marudio ukimfuata mzuiaji mmoja tu kwa zamu nzima. Mimi nilijifunza mchezo huu upya siku niliyofanya hivyo.

Mpinzani anaingia wapi?

Kila mahali. Denver ile ya Manning ilifunga pointi 606 msimu wa 2013, rekodi ambayo haijavunjwa, karibu 38 kwa mechi. Februari 2014 ikakutana na Seattle Seahawks kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, walinzi walioruhusu pointi chache kuliko wote msimu ule. Mchezo wa kwanza kabisa mpira ulimpita Manning juu ya kichwa ukaingia eneo lao wenyewe la mwisho, Seattle wakapewa pointi 2 sekunde 12 tu zikiwa zimepita. Seattle wakashinda 43 kwa 8. Denver hawakuwa wabovu. Mechi moja ni zamu kumi na kitu, na aliyekuwa upande wa pili ana sehemu katika kila namba uliyoiandika. Wastani wa timu usome pamoja na orodha ya aliocheza nao.

Nisubiri mechi ngapi kabla ya kuhukumu?

Msimu una mechi 17 tangu 2021, na timu hucheza michezo zaidi ya 1,000 kwa msimu. Kwa EPA na kiwango cha mafanikio, mechi 6 hadi 8 zinaanza kukupa picha. Kwa tachidauni za yadi 20 za mwisho, hata msimu mzima ni mdogo.

Nianze vipi, kama sijui programu za kompyuta?

Chukua daftari la mistari. Kila zamu mstari mmoja: ilianzia wapi, michezo mingapi, yadi ngapi, iliishaje. Mstari wangu husomeka hivi: "Zamu ya 4. Yadi 22 yetu. Michezo 9, yadi 61. Jaribio la 4 na 1, wamezuiwa." Mechi ikiisha, hesabu zamu, jumlisha pointi zilizofungwa na washambuliaji peke yao, gawa. Pembeni ya kila zamu iliyokufa andika jaribio lililoiua na lilihitaji yadi ngapi. Wiki ya kwanza utachoka kuandika. Fupisha, acha michezo mingapi, lakini usiache mahali zamu ilipoanzia.